Eti kama huna baya unaogopa nini?

Piga *106# kabla hujaendelea kusoma. Pale unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na watu wengi tu hapa Dar wakiangalia wanakuta kuna namba hawaijui, hawajawahi kuishika, lakini imesajiliwa kwa kidole chao. Inavyotokea ni hivi, unaenda kwa kijana wa kusajili laini, yule anayekaa na mwamvuli stendi, unaweka kidole, anakwambia mtandao unasumbua weka tena, unaweka, anasema bado, unaweka tena, mwisho unaondoka na laini yako moja na yeye anabaki na nyingine za jina lako anaenda kuziuza. Anayezinunua ndo yule tapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa siku mtu akiibiwa akaenda kituoni, namba ikifuatiliwa, jina linalotokea ni la kwako. Na wewe hujafanya kosa lolote, ulifuata utaratibu tu kama ulivyoambiwa.

Nimeanza na hili kwa sababu ukigusa tu habari za faragha, iwe kijiweni, kwenye daladala au hata mezani nyumbani, lazima atokee mtu aseme mimi siibi, siuzi unga, simu yangu wakitaka kuisikiliza wasikilize mpaka wachoke. Wengi wanaosema hivyo ni watu waaminifu kabisa na wanasema kwa moyo mweupe. Ila hiyo hoja inadhani anayeamua kama una baya ni wewe mwenyewe, wakati anayeamua ni yule aliyeshika taarifa zako, anaamua siku anayotaka yeye, kwa sheria itakayokuwepo siku hiyo, tena kwa kutumia kile kipande kidogo alichonacho mkononi na sio maisha yako yote unavyoyajua wewe.

Halafu kuna jambo watu hawalioni. Raia mwema ndo anaonekana kuliko mtu yeyote. Kumbuka usajili wa alama za vidole ulivyoanza tarehe 1 Mei 2019, tukaambiwa mwisho 31 Desemba, ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020 ndo laini zikaanza kuzimwa, watu wakapanga foleni NIDA toka alfajiri, wazee, wamama na watoto mgongoni. Lengo lilikuwa zuri, kupunguza uhalifu wa simu. Lakini angalia matokeo yake, miaka imepita na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye ripoti zake bado inataja namba za matapeli, mikoa ya Rukwa na Morogoro ikiongoza mara kwa mara, maana tapeli hatumii kidole chake, anatumia cha kwako. Wewe uliyetii umeacha alama kila mahali, benki, kwenye simu, kwa wakala, getini, na yeye hayupo popote. Kwahiyo ukisema mfumo unamwangalia mhalifu, ujue kwa sehemu kubwa unamwangalia aliyejitokeza kuandikishwa.

Sasa tuelewane kwanza simu inasema nini kuhusu wewe, maana wengi wanafikiri kufuatiliwa ni mtu kakaa na hedifoni anasikiliza maongezi yako na shemeji. Hilo ni dogo. Simu ikiwa imewashwa tu inaongea na mnara ulio karibu, hata kama hujapiga wala huna bando, na kampuni ya simu inajua ni mnara gani. Kwahiyo inajua umelala Mbagala, saa kumi na moja na nusu umepita Mtoni, saa mbili uko Posta, Ijumaa jioni hukurudi nyumbani ukaenda Sinza, na simu nyingine fulani nayo ilikuwa Sinza kwenye mnara huohuo mpaka usiku. Inajua unampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, hela umemtumia nani. Hakuna neno lako hata moja lililosikilizwa hapo. Lakini mtu akipewa karatasi hiyo ya miezi sita anajua unasali wapi, unadaiwa na nani, ndoa yako ikoje, unaenda kliniki gani kila mwezi. Meseji za WhatsApp maneno yake yamefungwa kwa msimbo njia nzima, sawa, ila nani anaongea na nani na saa ngapi, hiyo kampuni yenyewe inaiona.

Na hizo taarifa za juu juu sio mchezo. Mwaka 2014 Michael Hayden, jenerali aliyewahi kuongoza mashirika ya ujasusi ya NSA na baadae CIA kule Marekani, alisema hadharani kabisa kwamba wanaua watu kwa kutumia taarifa za aina hiyo. Huku kwetu, mwaka 2024 kwenye baraza la ajira jijini London, mtu aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyokuwa inamiliki Tigo Tanzania, alidai kwamba taarifa za mahali simu za Tundu Lissu zilipo zilikuwa zinapelekwa serikalini kwa wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Hayo ni madai yake na nayaandika kama madai. Kitu ambacho hakina ubishi ni kwamba kampuni yoyote ya simu ina uwezo wa kujua mteja wake yuko wapi, na Lissu alikuwa mbunge, mwanasheria, rais wa chama cha mawakili, sio jambazi wa Kimara.

Mtu atasema mimi sio mwanasiasa. Haya, tuongee kuhusu muda.

Taarifa ukishaitoa haifi, lakini aliyeishika anabadilika na sheria zinabadilika. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliweka kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda, ikawa jambo la kawaida la ofisini, karani anaandika, mtu anapokea kadi yake anaenda shambani kwake. Karibu miaka 60 baadae, Aprili 1994, kadi hiyohiyo ikawa inadaiwa kwenye vizuizi vya barabarani na kilichoandikwa pale ndo kikawa kinaamua nani apite na nani auawe. Waliovuka daraja la Rusumo kuja Ngara, wakajaa Benaco, kuna watu hapa Dar waliwapokea, waliwasikia kwa masikio yao. Uholanzi nako ilikuwa vilevile, serikali yao ilikuwa na daftari safi la wakazi lenye dini ya kila mtu, hakuna aliyeona shida, watu walijaza kwa ukweli kwa sababu walikuwa raia wema, Wajerumani walipoingia Mei 1940 wakalikuta limeandaliwa tayari. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa nchi ile waliuawa. Ilifika Machi 1943 wapinzani wa uvamizi wakaenda kuchoma moto ofisi ya daftari pale Amsterdam, wakijua kabisa wanaweza kukamatwa, na wengi wao walikamatwa wakauawa.

Nikikumbuka hayo halafu nikaingia gesti nikaletewa daftari lina safu imeandikwa KABILA, naumia kweli. Kabila langu linamsaidia nini mwenye gesti? Hakuna anayejua, limekuwepo tu toka zamani, linachapishwa hivyohivyo. Mimi naacha wazi ile safu na sijawahi kukataliwa chumba.

Sio lazima yawe mauaji ndo uone sheria inavyogeuka. Mwezi Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwamba anayetumia VPN, ile programu inayoficha unaingia mtandaoni kutokea wapi, aitolee taarifa mpaka tarehe 30 mwezi huohuo. Jumatatu unatumia VPN na huna kosa, wiki chache baadae unatakiwa ujieleze. Wewe hujabadilika hata kidogo. Kwahiyo mtu anaposema nafuata sheria sina wasiwasi, anaongelea sheria ya leo, wakati kumbukumbu zake zitasomwa na mtu wa kesho.

Na mashine zinakosea. Januari 2020 karibu na Detroit, Marekani, baba mmoja anaitwa Robert Williams alikamatwa nje ya nyumba yake mbele ya mke na watoto wake wadogo, akalala mahabusu, kwa sababu programu ya kutambua sura ililinganisha picha mbaya ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya udereva ikasema ni yeye aliyeiba saa. Hakuwa yeye. Leseni alichukua kihalali, picha alipiga kihalali, na hiyo leseni ndo ikamuweka ndani. Fikiria kosa kama hilo limtokee mtu wa Manzese asiye na hela ya wakili.

Ila nisiwatishe. Mkazi wa kawaida wa Dar, muuza duka, mwalimu, bodaboda, uwezekano wa kuumizwa na watu wa usalama kwa kusikilizwa simu ni mdogo. Wanaomuumiza ni watu wa karibu zaidi, na huku ndo nataka tukae kidogo.

Mikopo ya mtandaoni. Mtu ana shida ya laki moja, mtoto anaumwa, anapakua programu, inamuomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu, anabonyeza kubali maana bila hivyo mkopo haupo. Akichelewa siku mbili meseji zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa mchungaji, kwa fundi wa mabomba aliyemuhifadhi mara moja mwaka juzi, kwamba fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Wengine wanatengenezewa picha na kuandikwa TAPELI. Nina ndugu yangu wa kike alipata meseji za namna hiyo usiku kuhusu jirani yake, yeye hajawahi kukopa popote, namba yake ilikuwemo tu kwenye simu ya yule jirani, na bado walimtukana kama yeye ndo mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni, ni hatua nzuri, lakini yakifungwa haya yanaibuka kwa jina jingine na majina waliyovuna hayarudishwi. Kenya walienda mbali kidogo, Septemba 2023 kamishna wao wa data aliipiga kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu walizozipata kwa wengine kuwatishia.

Umeona hapo? Faragha yako haiko mikononi mwako peke yako. Iko kwenye simu za watu wote waliokuhifadhi. Unaweza ukawa makini miaka kumi na mtu mmoja mwenye shida ya laki moja akakumwaga nje kwa kubonyeza mara moja. Kwahiyo hata ile "mimi sijali, taarifa zangu ni zangu" sio kweli kabisa, ukigawa zako unagawa na za wenzako.

Halafu kuna kitabu cha getini. Ofisi karibu zote mjini, kuanzia maghorofa ya Posta mpaka apatimenti za Mikocheni, mlinzi anakupa daftari, jina, namba ya simu, unatoka wapi, unamuona nani, saini. Kurasa ziko wazi, anayekuja nyuma yako anasoma jina lako na namba yako akiwa anaandika ya kwake. Dada zetu wanalijua hili kuliko sisi, anaandika namba saa nne asubuhi kwenda kwenye usaili, saa mbili usiku anapata meseji "mambo mrembo nilikuona leo". Hajafanya kosa. Ametii. Akikataa kuandika anaambiwa hapiti, akiandika anasumbuliwa. Daftari likijaa linaenda wapi? Mara nyingi linafungia maandazi, kweli kabisa, mimi nimefungiwa vitafunwa kwa karatasi yenye majina na namba za watu.

Steshenari ni hivyohivyo, unatuma NIDA na vyeti vyako wakuprintie, vinabaki kwenye kompyuta yao miezi na miezi, mteja mwingine akifungua anaviona. Na fundi simu, pale kioo kimepasuka, anakuomba na namba ya siri ili "aitesti". Picha ngapi zimetoka hivyo zikaenda kwenye magrupu kama koneksheni, yaani picha za faragha zilizovuja, mabinti wakaacha vyuo, ndoa zikavunjika. Picha alizompigia mume wake, ndani ya nyumba yake. Ukimuuliza huyo dada kama mtu asiye na baya anatakiwa kuogopa, hatakujibu kwa maneno.

Wapo wanaosema faragha ni mambo ya kizungu, sisi tunaishi pamoja, chumba na sebule, bafu la nje, jirani anajua umepika nini. Kuishi pamoja ni kweli, lakini hakuna mtu wa pwani hii anayeingia nyumba ya mwenzake bila hodi, ukipiga mara tatu kimya unaondoka. Sura ya An-Nur imekataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa na kutoa salamu, na Al-Hujurat imekataza kupelelezana, hayo yalisomwa vyuoni hapa kabla hakujawa na umeme. Hata mjumbe wa nyumba kumi alijua mambo ya kila mtu, nani kahamia, nani ana mgeni, lakini na yeye ulimjua, unajua nyumba yake, unajua na ya kwake ya ndani, akizidisha wazee wanamuita wanamuweka sawa. Seva, ile kompyuta inayotunza taarifa zako, huwezi kuiita kikao. Haisahau, haikujui, na hujui ni nani aliyekaa mbele yake leo.

Na sisemi polisi wasifuatilie simu. Mtu akitekwa, mtoto akipotea, jambazi akiua, nataka wachukue kumbukumbu za mnara usiku huohuo, na kuna familia zimepata haki kwa njia hiyo. Shida yangu ni mlango wa kupitia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, na inaruhusu sheria iweke mipaka. Sasa tazama mipaka ilivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, mkuu wa kituo cha polisi anaweza yeye mwenyewe kutoa amri kwa yeyote mwenye data azitoe kwa ajili ya upelelezi, sio lazima aanze kwa hakimu. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakama ya Kisutu, mashtaka mojawapo ni kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji waliokuwa wanaandika tuhuma kuhusu makampuni. Watu hao walikuwa wanafichua mambo wanayoona ni ufisadi. Hao ni wema au wabaya? Inategemea unamuuliza nani, na ndo maana tunataka mtu wa tatu asiyekuwa na maslahi, yaani mahakama, asimame katikati kabla jina la mtu halijatolewa. Hakimu akiona sababu ipo anasaini, hakuna mhalifu atakayetoroka kwa sababu karatasi ilipita mahakamani.

Kwenye upande wa makampuni na mtaani tuna silaha sasa na watu wengi hawajaijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024 hapahapa Dar. Inasema anayekusanya taarifa zako akwambie anazitakia nini, asizitumie kwa jambo jingine, azitunze salama, na wewe una haki ya kuuliza ana nini chako, kutaka kirekebishwe au kifutwe, na kukataa matangazo. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria, mtu binafsi faini inaweza kufika milioni 20 au jela mpaka miaka 10, kampuni mpaka bilioni 5. Ina misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa na kupambana na uhalifu, na misamaha hiyo ni mipana kuliko ninavyopenda, lakini kwa wakopeshaji, steshenari, maapatimenti na mashule inauma ikitumika.

Mashule nayataja makusudi. Kenya wakati uleule wa Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi zao milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Fungua kurasa za shule za chekechea za hapa mjini uone, mtoto yuko na sare yenye jina la shule, jina lake kamili limeandikwa chini, muda wa kutoka unajulikana. Mzazi anaruhusiwa kuandika barua ya mistari mitatu kwa mkuu wa shule akisema picha ya mwanangu isitumike na iliyopo ishushwe, akabaki na nakala yenye muhuri, na isiposhushwa anaipeleka Tume kama lalamiko. Laini usiyoijua ukiikuta kwenye *106# nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, wakuondolee siku hiyohiyo na wakupe uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, maana hiyo karatasi ndo utakayoishika siku ukiitwa kituoni kwa hela ambayo hukuiona.